Figa Lililokuwa Kwenye Gwaride

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitaliandika hapa. Sheria inasema likitajwa lazima kila mwenye miguu asimame na kuweka mkono kifuani, nami sijui wewe msomaji umekaa wapi na magoti yako yana hali gani. Tuiite nchi yetu tu, itatosha.

Nchi yetu ina jeshi hodari. Tangu liundwe, miaka arobaini na mitatu iliyopita, halijapigana hata vita moja, na wataalamu wanasema hakuna kinachochosha kama kumngoja adui asiyekuja. Kwa ajili ya uchovu huo jeshi lilijengewa viwanja vya mapumziko. Vilianza viwili, vikawa tisa, na mwaka ule ninaousimulia vilikuwa vimefika sitini na kimoja, ilhali vikosi vyenyewe ni kumi na vinne. Mimi sikuona ajabu. Mtu akichoka sana anaweza kuhitaji vitanda zaidi ya kimoja.

Jina langu ni Zabroni Kitwange, karani wa Baraza la Mji wa Msezo, na kazi hiyo naifanya mwaka wa ishirini na sita sasa. Nayasimulia haya kwa sababu nilikuwepo, na kila karatasi ilipita mikononi mwangu. Simlaumu mtu. Karani hakuajiriwa kulaumu, ameajiriwa kugonga mihuri, na mihuri yote niliigonga mahali pake.

*

Nyuma ya mji wetu kuna kilima kinaitwa Isengo, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Zamani palikuwa na kitongoji pale juu, nyumba hamsini na saba, migomba, kisima na makaburi. Asubuhi moja, miaka ishirini na miwili kabla ya mwaka huo ninaousimulia, lilipanda lori la askari na ofisa mwenye kipaza sauti. Akatangaza kwamba adui ameonekana maeneo ya jirani, hivyo wakazi wahame kwa siku tatu na wabebe vitu vya lazima tu. Watu wakahama. Hawakuambiwa ni siku tatu zipi, nao hawakuuliza, maana kwetu anayemuuliza mwenye kipaza sauti huonekana mjuaji.

Adui hakuonekana tena. Mwezi mmoja baadaye yaliingia matrekta, na mwaka ulipokwisha kilima kilikuwa na uwanja wa gofu wa mashimo tisa, uwanja wa tenisi, bwawa la kuogelea na baa ya maafisa yenye feni nne. Getini likawekwa bango: MAPUMZIKO YA MAJESHI. RAIA MARUFUKU. Watu wa Isengo wakajenga upya bondeni, karibu na machinjio. Watu wetu ni wepesi wa kuzoea. Ukiwamwagia maji ya moto leo, kesho wataita kuoga.

Mmoja hakuzoea, na ili mumwelewe lazima kwanza niwaeleze desturi ya Isengo. Kule mtu akifa, wenye nyumba huchukua figa moja kati ya yale matatu ya jikoni, likiwa na masizi yake, wakaliweka juu ya kaburi upande wa kichwani. Jikoni hubaki mafiga mawili na tofali. Chungu kinachokaa juu ya tofali huinama, na ugali huiva upande mmoja, na ndivyo wanavyotaka: msiba uonekane mpaka kwenye sahani. Kuanzia siku hiyo jina la marehemu halitajwi. Wanasema limelala chini ya figa. Mavuno mawili yakishapita, jamaa huenda kaburini kulichukua figa na kulirudisha jikoni, na jioni ile, chungu kikishainjikwa, jina hutajwa kwa sauti, na kila aliyepo ana ruhusa ya kulia au ya kucheka. Baada ya hapo hata mtoto mchanga anaweza kupewa jina hilo. Lakini likitajwa kabla figa halijarudi, marehemu huamka akidhani ameitwa nyumbani, akatoka, akakuta hakuna moto wa kwao, akabaki anazunguka.

Sasa huyo mama. Wiki sita kabla ya lori kupanda, alikuwa amemzika binti yake wa pekee, mwenye miaka sita, aliyechukuliwa na malaria kwa siku mbili. Siku ya kuhama alikimbilia makaburini, na askari mmoja akamzuia kwa upole, tena akamshika mkono. Akamwambia, "Mama, siku tatu si nyingi. Jiwe halina miguu."

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, na huyu aliitwa hivyo kwa miaka sita. Jina la mtoto lilipolala, na la mama likalala nalo. Kwenye daftari la kodi ni Syabumi, lakini hakuna aliyewahi kumwita hivyo tangu aolewe. Mumewe alikwishatangulia. Wenye adabu walimwita mama tu. Wasio na adabu walimwita Mama Figa, na miaka ilipopita hata wenye adabu wakaiga.

*

Jeshi letu haliwezi kuvumilia jiwe lililokaa ovyo. Sajini Mkoba, aliyepewa usimamizi wa mazingira ya kilima, aliyakusanya mawe yote yaliyokuwa juu ya ardhi, ya misingi ya nyumba, ya kisimani na ya makaburini. Akayapanga kwa kimo kandokando ya barabara inayotoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka baa, mistari miwili iliyonyooka, akayapaka rangi nyeupe. Yalikuwa elfu nne mia tatu na kumi na sita. Kila mwaka, kuelekea Siku ya Majeshi, yalipakwa upya na kukaguliwa na ofisa mwenye fimbo. Mwaka mmoja jiwe moja lilikutwa limetoka nje ya mstari kwa inchi mbili, na askari wa zamu akalala mahabusu siku tatu. Safari hiyo siku zilihesabiwa vizuri.

Mama alikuwa akipanda kilima kila Jumamosi asubuhi na kusimama nje ya uzio wa waya. Figa lake alilijua. Lilikuwa la kumi na moja kushoto, kuanzia kwenye mlingoti. Lilikuwa bapa juu, na pembeni lilikuwa na pengo, kwa sababu binti yake alipokuwa anajifunza kutwanga aliudondosha mchi juu yake, akalia kuliko lile jiwe. Mvua kubwa zikinyesha rangi ilikuwa ikibanduka kidogo, masizi yakachungulia. Kisha Siku ya Majeshi ikija, masizi yakafunikwa.

Mwaka wa nne alipata ujasiri, akamsogelea askari wa getini.

"Shikamoo mama," akasema askari, maana jeshi letu lina adabu.

"Marahaba baba. Naomba lile jiwe. Lile la kumi na moja."

Askari akageuka, akahesabu kwa kidole. "Lile haliwezekani, mama. Liko kwenye gwaride."

"Gwaride lake linakwisha lini?"

Askari alifikiri kwa dhati. Hakuwa anamdhihaki, nilimjua, alikuwa kijana wa watu. "Gwaride la mawe sijawahi kuona linavunjwa, mama," akasema.

"Haya baba. Kazi njema."

Akateremka, akaenda kupika juu ya tofali. Akaendelea kupika juu ya tofali miaka kumi na minane mingine, na kila Jumamosi akapanda kwenda kulitazama figa lake likiwa limesimama wima katikati ya wenzake.

*

Ziada iligunduliwa kwa bahati. Mtukufu Amiri, mkuu wa nchi yetu, alipita juu ya Msezo kwa helikopta, akaona kitu cha kijani, akauliza ni nini. Akaambiwa ni mapumziko ya jeshi lake. Akauliza nani anapumzika pale sasa hivi. Helikopta nzima ikakaa kimya, isipokuwa panga lake. Uchunguzi ukafanywa, ikabainika kwamba ofisa wa mwisho kucheza gofu Isengo alicheza miaka tisa iliyopita, na mpira wake bado unatafutwa. Maafisa walikuwa wamehamia kwenye uwanja mpya wa ziwani wenye upepo mzuri. Mtukufu Amiri akatamka redioni: "Ardhi ya mapumziko ambayo imezidi uchovu wa jeshi irudishwe kwa wananchi."

Msezo tulishangilia kwa maandamano. Mama alikuwemo, na hilo nilishangaa kuliona, kwa sababu hakuwa mtu wa maandamano. Alikuwa anatembea upesi kuliko sisi, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Ikaundwa Tume ya Kurudisha Ziada. Mwenyekiti wake alikuwa Brigedia Shilungu, mtu mnene mwenye huruma, na katibu wake Kapteni Halinga, mtu mwembamba mwenye kanuni. Tume ikatoa Fomu Namba Saba kwa kila raia mwenye kitu chake juu ya kilima. Mimi niliazimwa kutoka Baraza nizijaze. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amefika kabla sijafungua dirisha.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na tano. Aina ya mali: figa moja. Je, mali inatembea yenyewe? Hapana. Je, mali imewahi kulitumikia jeshi la nchi nyingine? Hapana. Je, mali ni ya kaburini? Ndiyo. Umri wa marehemu: miaka sita. Tukafika swali la kumi na tisa.

"Jina kamili la marehemu, mama."

Akanitazama. "Zabroni. Mama yako wewe si wa Isengo?"

"Ni wa Isengo, mama."

"Na unaniuliza?"

"Si mimi, mama. Ni fomu."

"Basi iambie fomu inipe figa langu. Nikishainjika chungu, siku hiyohiyo nakuja hapa nalitaja mbele yako na mbele ya mkuu wako, mara tatu kama mnataka. Figa kwanza, baba, jina baadaye. Hatuwezi kwenda kinyumenyume."

Jina lenyewe nilikuwa nalijua. Watu wazima wote wa Isengo walilijua, na mimi nilikuwa nimekula pilau ya siku alipopewa. Ningeweza kuliandika kimyakimya nikafunga dirisha. Lakini chini ya swali paliandikwa kwamba jina litoke kinywani mwa mwombaji, nami nilikuwa nimebakiza miaka minne kustaafu. Nikachora kistari. Nilijiona mwerevu sana kwa kile kistari, na mpaka leo kinaniumiza.

*

Fomu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na wino mwekundu wa Kapteni Halinga. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Mtu asiye na jina hawezi kuthibitishwa kwamba amekufa. Asiyethibitishwa kwamba amekufa hana kaburi. Asiye na kaburi hawezi kuwa na figa juu yake. Mwombaji arekebishe."

Nilimpelekea mama nyumbani kwake bondeni. Nilimkuta anapepea moto, chungu kimeinama upande wa tofali. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo Kapteni ana mama. Nikasema nadhani anaye. Akasema, "Basi amwulize yeye."

Kapteni sikumwambia hilo. Badala yake nilifanya nilichojifunza kazini, niliandika barua ya kurasa nne kuieleza Tume desturi ya Isengo. Tume ikakaa kikao siku nzima. Nilikuwa naandika kumbukumbu, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Brigedia Shilungu aliguswa, akasema desturi za wananchi ziheshimiwe. Kapteni Halinga akasema zinaheshimiwa sana, ila haiwezekani kumpa mtu mali kabla hajatoa maelezo, wala mwombaji hawezi kutoa maelezo kabla hajapewa mali. Meja mmoja akapendekeza vitendo vyote viwili vifanyike kwa wakati mmoja, mama anataja huku askari anakabidhi. Wakaafikiana, wakapiga makofi. Ndipo ikagundulika kwamba kwenye kitabu cha kwata hakuna amri ya kukabidhi jiwe na kupokea jina kwa pamoja, na askari hawezi kuinua kitu bila amri. Kikao kikaahirishwa mpaka kitabu kitakapofanyiwa marekebisho. Mpaka leo hakijafanyiwa.

Wakati huo sisi wa Baraza nasi tulikuwa na yetu. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Gwandumi, alitufafanulia maana ya kurudisha ardhi kwa wananchi. "Wananchi ni wengi mno," akasema. "Ukiwakabidhi kitu watasukumana, wataumizana, na sisi tunawapenda. Ndiyo maana kwa hekima yao walituchagua sisi tisa." Madiwani tisa wakapitisha kwa kauli moja kwamba kilima kiwe Bustani ya Umma, na kwamba umma utaingia katika siku itakayotangazwa. Kwa sasa madiwani watapumzika pale kwa niaba ya wengine. Nilitumwa kwa mchora mabango na maneno mapya: MAPUMZIKO YA UMMA. UMMA MARUFUKU HADI ITAKAPOTANGAZWA. Uzio ukaongezwa nyuzi mbili, na feni nne zikasafishwa.

Nilipomweleza mama habari za bango, hakukasirika. Aliniuliza kitu kimoja tu: baada ya jeshi kulikabidhi Baraza kilima, Fomu Namba Saba bado zitapokelewa? Nikamwambia hapana. Mwisho ni Ijumaa ya sherehe ya makabidhiano, saa nne kamili asubuhi.

*

Ijumaa hiyo aliingia ofisini kwangu saa tatu na nusu. Alikuwa amevaa kaniki safi na mkononi ameshika ngata mpya ya kanga, ile ya kuweka kichwani mtu akitaka kujitwika mzigo. Akaketi. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema, "Andika."

"Mama, labda tusubiri. Kitabu cha kwata kinaweza..."

"Zabroni, magoti yangu mwakani hayapandi tena kilima. Nikifa hivi, nani atakwenda kumletea figa lake? Wewe? Nitalitaja. Ataamka, atazunguka kidogo, lakini leo hiihii nitakuwa nimefika na figa lake, nitawasha moto, atauona. Itakuwa kutwa moja tu ya kupotea. Mtoto anaweza kupotea kutwa moja, akaonekana. Andika."

Akalitaja. Alilitaja jina la kwanza, la baba na la ukoo, kama fomu ilivyotaka. Sauti iliyomtoka haikuwa ya bibi wa miaka sitini na mitano. Ilikuwa nyembamba, ya mama kijana, kana kwamba nayo ilikuwa imelazwa mahali kwa miaka ishirini na miwili bila kutumika. Alipomaliza alijiziba mdomo kwa ncha ya kaniki. Mimi niliandika. Hapa siliandiki, na msomaji anisamehe.

Nikagonga muhuri, nikamkimbizia Kapteni Halinga chumba cha pili. Akaisoma, akaisaini, akaitia mfukoni mwa shati lake. "Umeona?" akaniambia kwa furaha ya kweli. "Watu wakifuata utaratibu mambo ni mepesi."

Tukapanda kilima, mama na mimi. Alikuwa anatembea mbele. Mara mbili aligeuka nyuma na kunihimiza.

Tulipopita getini, mimi kama karani wa Tume na yeye kama mwombaji wangu, hotuba zilikuwa zimeanza. Chini ya turubai waliketi madiwani tisa, mbele yao askari mia mbili wamesimama kwa mistari, na watu wa Isengo walikuwa nje ya uzio, wamealikwa kutazama. Mama hakutazama huko. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akageukia kushoto, akaanza kuhesabu. Kidole chake kikabaki hewani.

Mawe hayakuwepo. Palikuwa na mistari miwili ya vishimo, imenyooka kabisa mpaka baa, na ndani ya kila kishimo mizizi ya nyasi ilikuwa imepauka kwa kukosa jua. Mama alikwenda mpaka kwenye kishimo cha kumi na moja, akapiga magoti, akaingiza mkono.

Sajini Mkoba alikuwa amesimama pale karibu, mzee sasa, ana mvi. Nadhani alikuwa anatungoja. Alivua kofia.

"Yalipakiwa jana, mama. Malori saba. Yamekwenda ziwani, kwenye uwanja mpya."

"Langu pia?"

"La kumi na moja kushoto. Nalijua, mama. Nilikuwa nakuona kila Jumamosi. Lile nilikuwa nalipaka mwenyewe, sikumpa askari mwingine. Niliwaomba hilo moja libaki. Nikaambiwa kilichopakwa rangi ya jeshi ni kifaa cha jeshi. Ardhi ndiyo ziada. Mawe bado yako kazini."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Kwenye jukwaa Brigedia Shilungu alikuwa anafika kileleni mwa hotuba yake. "Jeshi lenu," alisema, "linawarudishia kilima hiki kikiwa safi kuliko lilivyokikuta. Tulikikuta na nyumba hamsini na saba, tulikikuta na migomba, tulikikuta na makaburi! Leo tunawakabidhi, ndugu zangu, na hamtakuta hata kimoja!" Madiwani wakapiga makofi.

Mama aliinuka. Akakung'uta magoti, akavuka nyasi mpaka kwenye uwanja wa tenisi, kwa sababu chini ya sakafu ile ndiko yaliko makaburi ya Isengo. Akasimama katikati ya mistari. Akaweka viganja viwili mdomoni, akaita.

Aliita lile jina la kwanza tu. Hakulia, wala hakupiga yowe. Aliita kama mama yeyote anavyomwita mtoto jioni aje kula, kwa kulivuta mwishoni, kisha akanyamaza kidogo kusikiliza, kisha akaita tena. Nje ya uzio wazee wa Isengo waliziba masikio.

Brigedia akasimamisha hotuba. Nimesema alikuwa na huruma, na hapo huruma ilimpanda yote. "Kuna mama amepotelewa na mtoto?" akauliza kwenye kipaza sauti. "Katika sherehe yangu? Kapteni! Mtoto gani?"

Kapteni Halinga alijua. Lakini kwetu Brigedia hakosei. Anayeweza kumrekebisha ni Meja Jenerali, na Meja Jenerali hakuwa amealikwa. Kapteni akafanya kitu pekee alichokuwa na kanuni nacho. Alitoa Fomu Namba Saba mfukoni, akaikunjua.

"Wa kike, afande. Miaka sita."

"Jina?"

Kapteni akalisoma. Kipaza sauti kikayachukua majina yote matatu, kikayapeleka mpaka bondeni kwenye machinjio.

"Kikosi!" akanguruma Brigedia. "Hakuna makabidhiano mpaka mtoto huyu apatikane! Mstari wa msako, hatua mbili mbili, muiteni kwa jina!"

Askari mia mbili wakatawanyika juu ya kilima. Nawaambia, waliifanya kazi ile kwa moyo. Ilikuwa amri ya kwanza ya maana waliyowahi kupewa. Waliinama chini ya meza za baa wakaita. Walishuka ndani ya bwawa kavu, wakaita, na bwawa likawarudishia. Mmoja alipiga magoti kwenye kila shimo la gofu, akachungulia na kuita kwa sauti ya chini, ili mtoto asiogope. Wengine walipasua vichaka kwa mikono wakitaja lile jina kwa lafudhi zote za nchi yetu. Jina ambalo hatukuthubutu kulitaja kwa miaka ishirini na miwili likawa linatoka pande zote. Nje ya uzio wazee walianza kushusha mikono kutoka masikioni, mmoja baada ya mwingine.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye uwanja wa tenisi, ngata iko mapajani. Nikamwendea, nikachutama kando yake.

"Mama, hawajui. Niwaambie waache?"

Hakunitazama. Alikuwa amegeuza uso kule zilikokuwa zinatoka sauti, anageuka nazo, huku na huku.

"Usiwaambie, Zabroni," akasema. "Waache wamwite. Peke yangu nisingefika mbali."

Walimtafuta mpaka saa kumi na mbili jioni. Brigedia alivua kofia, akaomba radhi kwa niaba ya jeshi, akamwamuru Kapteni Halinga kufunga zoezi. Kapteni akanisomea taratibu, nami nikaandika kwenye hati ya makabidhiano: Mtoto mmoja wa kike, umri miaka sita, ametafutwa juu ya kilima kizima, hakupatikana. Kilima kimekabidhiwa. Nikagonga muhuri. Filimbi ikapigwa, askari wakarudi mistarini, wakahesabiwa, wakapungua mmoja. Alikuwa Sajini Mkoba. Sijui kama hakuisikia filimbi au aliisikia. Alikuwa upande wa pili wa kilima, kofia mkononi, bado anaita.